Chenji ya Perisi

Alikuja saa kumi na moja, jioni ya Agosti,
pumba za mahindi zimemkaa kwenye nyusi
kama mtu aliyezeekea njiani akitoka sokoni.
"Nipe ya gesi," akasema. "Imenipanda mpaka kwenye taya."
Nikacheka. Mungu anisamehe, nikacheka:
"Gesi gani hiyo, Perisi, isiyojua pa kutokea?"
Naye akacheka, mkono mmoja umeshika kaunta.

Vidonge vinne, mia saba. Akatoa elfu moja.
"Chenji utanipa kesho. Sina nguvu ya kuhesabu."

Nilipaswa kuisikia hiyo.
Perisi Chidawali, mchekechaji wa Kibaigwa,
aliyehesabu magunia ya lori zima bila kalamu
na kuwasahihisha wenye kalamu,
ashindwe na mia tatu!
Lakini mimi niliona vumbi, nikasema kazi.
Niliona jasho, nikasema jua,
na jua lilikuwa limeshapoa,
upepo wa Kongwa unapiga mabati kwa baridi.

Mwaka juzi mumewe, dalali Ndahani,
alishika kifua katikati ya mnada.
Hakuna aliyeuliza ni nini.
Lori lililokwisha kujaa nusu likashushwa magunia,
akalazwa juu ya turubai, honi hadi Dodoma mjini.
Amepona. Anakula bila chumvi, anasimulia.
Moyo wa mwanamume, tulijua, huvunja mlango.

Wa Perisi ulibisha hodi
kama jirani mwenye haya, anayeomba chumvi kwa mara ya tatu.
Kwanza uchovu. Tukasema umri,
damu ya mwezi inaaga, mwili unafunga hesabu.
Kisha mgongo, hapa kati ya mabega. Tukasema chekecheke.
Kichefuchefu: mlenda wa jana.
Usingizi ukamkimbia: marejesho ya kikoba, ada ya Merina.
Hatukukosa jina la kuita kila kitu.

Usiku ule alisonga ugali wa uwele,
akawapakulia, akaosha sufuria.
Hilo la sufuria Merina amenisimulia
zaidi ya mara moja, kama anayetoa ushahidi:
"Mtu anayekufa haoshi sufuria, sivyo, shangazi?"
Sikumjibu.
Huosha, mwanangu. Huosha na kuifunika.

Alfajiri, kituo cha afya, daftari la wagonjwa
likaandikwa "presha?"
Alama ile ya kuuliza ndiyo iliyobaki pale
ikisubiri gari.

Siku hizi nimekuwa kichekesho.
Mwanamke akiomba dawa ya kiungulia
namuuliza: taya je? Bega? Mkono?
Umelowa jasho ukiwa umekaa?
Pumzi inatosha kutoka kisimani hadi nyumbani?
Wananiita Mama Taya. Hata watoto.
Muuza karanga mmoja alinifokea:
"Nimekuja dukani, sikuja polisi!"
Nikamnyima vidonge, nikafunga duka,
nikampakia kwenye bodaboda, nikakaa nyuma yake
nimemkumbatia kama gunia linalovuja.
Wakampima wee.
Ilikuwa gesi. Gesi kabisa, na tukaisikia.
Akanidai pesa ya siku aliyopoteza.
Nililipa, na usiku huo nililala
kama sijalala tangu Agosti.

Jana Merina kaja kununua panadoli.
Kwenye kopo la vifungo zilikuwepo bado,
sarafu ya mia mbili na ya mia.
Nikamwekea kiganjani.
"Ya nini hii?"
Nje walikuwa wanachekecha; upepo
ulileta pumba mpaka kwenye kizingiti.
"Ya mama yako," nikasema. "Alisema kesho."